Kikapu cha Julai

Gwamaka amekuja tena kabla ya kengele ya kanisa,
saa ya kupimia mbio ikining'inia shingoni,
ile aliyoinunua Tunduma ikiwa imepasuka kioo.
Ni mara ya tatu wiki hii:
"Mwezi wa saba huu, mama, tunarusha au haturushi?"

Nje nyasi zimevaa chumvi.
Maji ya njiwa kwenye kopo la rangi
yameota ngozi. Naivunja kwa kidole,
na kidole nacho kinaniuliza lile lile.

Hoja ninazo. Nazitaja nikipuliza mkaa.
Manyoya mapya bado yana damu kwenye mashina.
Mwewe wa Uporoto ana njaa, panya wamejichimbia.
Ukungu hulala Inyala mpaka saa nne,
na njiwa asiyeliona jua
ni karani aliyepoteza daftari.
Tena debe la mahindi limepanda,
na njiwa wakati wa baridi
hula kama mgeni wa msibani.

Gwamaka ana hoja moja:
njiwa wa kukaa ndani ni kuku.
Kisha anajimiminia chai yangu.

Chimala kuna joto, anasema.
Asajile anashuka na lori la viazi saa kumi usiku,
atafungua kikapu kando ya majaruba ya mpunga,
wataondoka na jua mgongoni.
Kweli. Na hapo ndipo panaponikaba:
umpeleke ndege kwenye joto,
kisha umtegemee akimbilie sakitu.
Nani kati yetu angerudi?
Dada yangu Subilaga alishuka Ubaruku kuvuna mpunga
msimu mmoja tu. Huu ni wa kumi na moja.
Hutuma mchele. Husema kifua chake hakiitaki Uyole.
Simlaumu.
Mchele wenyewe mzuri.

Mwaka juzi, Julai kama hii, tulirusha sita.
Wanne walitua kabla ya mchana.
Mmoja hakuja; alikuwa wa kijivu, wa kawaida,
hata jina hatukuwa tumempa,
na hilo huniuma kuliko kupotea kwake.
Wa sita, jike tuliyemwita Senti Hamsini,
alirudi siku ya tisa.
Kwa miguu.
Wauza karoti wa Inyala walimwona
akifuata ukingo wa lami, bawa likiburuzwa,
akipisha malori kama mtu mzima.
Hakuingia kwa juu. Aliingia kwa mlango wa uani,
akapita katikati ya kuku wasimtambue,
akasimama mbele ya kopo, akanigeuzia jicho moja
kama mtu anayedai nauli yake.

Gwamaka humtaja yeye kuwa ushahidi:
"Si unaona? Baridi haikumzuia."
Nami humtaja yeye yule.
Kesi moja, shahidi mmoja, naye hasemi;
yuko bandani anaatamia mayai mawili
yenye moto kuliko kitu chochote nyumbani humu.

Nimemjibu: rusha wako.
Wangu nitawafungulia hapa hapa, saa sita,
jua likishafikiri vizuri,
wazunguke paa la ghala la pareto, wanyooshe viungo, warudi kula.
Amekunja uso, ameondoka bila kumaliza chai,
jambo ambalo halijawahi kutokea.

Jumamosi. Lori limeshuka usiku, nimelisikia
likikata kona na kikapu cha Gwamaka juu ya lumbesa.
Saa sita nimefungua banda.
Wangu wamepanda, wamechora duara moja, mbili,
mbawa zikipiga makofi madogo ya baridi.
Nimewaacha wajizungukie.
Mimi nimesimama kwenye ndoo iliyopinduliwa
natazama upande wa Inyala,
nikihesabu njiwa wasio wangu:
mmoja, wawili, yule pale ni kunguru,
watatu.

Kisha, bila kukusudia,
nimeshusha macho
na kutazama barabara.